Mlango Ukishafungwa, Mzee Anabaki na Nani?

Kila jioni katika miji yetu husikika sauti za makomeo. Milango ya chuma hufungwa, nondo za madirisha hukaguliwa, na mwenye nyumba hulala akiamini kwamba mwizi na mtu mbaya wamebaki nje. Kwa mtu mwenye nguvu zake imani hiyo ni ya haki. Lakini kwa mzee asiyeweza kuinuka kitandani bila kushikwa mkono, au kwa kijana wa miaka thelathini asiyesikia wala kusema, kufuli lile lile laweza kuwa limemfungia ndani pamoja na mtu anayemdhuru. Wahenga walikwisha kutuambia kwamba kikulacho ki nguoni mwako.

Haya si maneno ya kutishana. Shirika la Afya Duniani, kwa kutegemea uchunguzi uliofanywa katika nchi mbalimbali na kutangazwa mwaka 2017, lilikadiria kwamba katika kila watu 6 wenye umri wa miaka 60 na zaidi, 1 hupatwa na unyanyasaji wa aina fulani katika kipindi cha mwaka mmoja, akiwa papo hapo katika jamii yake. Kwa uzito wa jambo hili, Umoja wa Mataifa uliamua mwezi Desemba 2011 kwamba tarehe 15 Juni ya kila mwaka iwe siku ya kuukumbusha ulimwengu juu ya unyanyasaji wa wazee.

Hapa nchini, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu aliyetimiza miaka 60. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, na kati yao wazee walikuwa karibu milioni tatu na nusu, yaani asilimia 5.7. Sensa hiyo hiyo ilionyesha kwamba asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu wa aina moja au nyingine. Ukizichukua hesabu hizo mbili pamoja, utaona kwamba ni shida kuupata ukoo usio na mtu wa kulindwa. Suala tunalolizungumza leo limo katika nyumba zetu wenyewe.

MADHARA YENYE SURA NYINGI

Tunaposikia neno unyanyasaji, aghalabu fikra zetu huenda kwenye fimbo. Fimbo ipo, na makofi yapo, na kufungwa kamba kupo. Lakini madhara mengi zaidi huingia kimya kimya, tena kwa mlango wa huruma.

Lipo dhara la fedha. Zamani mtu aliyetaka kumwibia mzee mafao yake ilimpasa amfuate hadi dirisha la benki. Siku hizi anachohitaji ni kuijua namba ya siri ya simu. Mzee haoni vizuri, anampa mjukuu simu akamtolee fedha kwa wakala. Mjukuu anatoa elfu hamsini, anamkabidhi thelathini, na mwezi unaofuata hamwambii kabisa kwamba fedha zimeingia. Mwingine huletewa karatasi na kidau cha wino, akaambiwa atie dole gumba ili apate msaada, kumbe karatasi ile inahamisha shamba au nyumba yake.

Lipo dhara la kutotunzwa. Bibi anapunguziwa maji ya kunywa ili asisumbue usiku kwa kwenda haja. Babu mwenye kisukari anapewa dawa siku zile tu ambazo mtu amekumbuka. Kijana aliyepooza analazwa ubavu mmoja tangu asubuhi watu wanapoondoka kwenda kazini hadi jioni wanaporudi, hata ngozi ikachubuka na kuwa kidonda kinachofika mfupani. Hakuna aliyempiga, wala hakuna aliyemtukana. Lakini kidonda kipo.

Lipo dhara la maneno, ambalo halina alama mwilini. Kumwita mzee mzigo mbele ya wageni. Kumwambia mtu mwenye ulemavu kwamba laiti asingalizaliwa. Kumtenga sahani, kikombe na mahali pa kukaa. Kumnyima redio, kumnyima baraza, kumnyima habari za ukoo wake mwenyewe.

Na lipo dhara la aibu kuu, ambalo magazeti huliandika kwa nadra na familia hulificha kabisa. Mwanamke mwenye upungufu wa akili, au asiyeweza kusema, huingiliwa na mtu anayemjua, na mara nyingi watu hutambua mimba ilipokwisha kuonekana. Hapo ndipo hufanyika kikao cha usiku, mbuzi akatajwa, fedha zikatajwa, na jambo likaitwa limekwisha. Halijakwisha. Kitendo hicho ni jinai, na jinai haimalizwi kwa mbuzi.

MACHO MEKUNDU YA BIBI

Nchi yetu inayo kumbukumbu chungu zaidi ya hizo. Kwa miaka mingi katika mikoa ya Kanda ya Ziwa na ile ya jirani, hasa Mwanza na Shinyanga, vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Wengi wao walikuwa wanawake, na wengi katika hao walikuwa wajane. Mojawapo ya alama zilizotumiwa kuwahukumu ilikuwa ni macho mekundu. Mtu yeyote aliyewahi kupikia kuni mbichi au samadi kavu katika jiko lisilo na dirisha anajua wekundu ule unatoka wapi. Bibi aliyewapikia watoto na wajukuu kwa miaka hamsini katika moshi alihukumiwa kwa alama ya kazi aliyowafanyia.

Waliochunguza mauaji hayo waliona mara kwa mara kwamba nyuma ya tuhuma kulikuwa na jambo jingine: shamba, mifugo, au mirathi ya mjane. Kifo cha mtoto au ng'ombe kilihitaji mtu wa kulaumiwa, mpiga ramli akamtaja asiye na mtetezi, na ndugu mwenye tamaa akapata nafasi yake. Katika miaka hiyo ya karibuni, ndugu zetu wenye ualbino nao waliwindwa kwa viungo vyao, na hapo pia mpiga ramli alikuwa katikati. Mwezi Januari 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli kwa sababu hiyo.

Kwa nini tuyakumbuke hayo katika ukurasa wa familia za mjini? Kwa sababu panga ni hatua ya mwisho. Kabla yake kulikuwa na minong'ono kisimani, kisha watoto wakakatazwa kumsogelea bibi, kisha jirani akaacha kumpa moto, kisha mtu mmoja akauliza shamba lile litarithiwa na nani. Kila hatua ilikuwa na mashahidi, na kila shahidi aliona kwamba jambo lile halimhusu. Mwenendo huo huo waweza kuonekana Buguruni au Mwanjelwa, ijapokuwa hakuna panga. Mtu hutengwa kwanza, ndipo hudhuriwa.

SHERIA ZINASEMAJE

Baadhi ya watu hudhani kwamba kumtunza mzee au ndugu mwenye ulemavu ni hisani, na kwamba asiyetaka kuifanya anakosa thawabu tu. La hasha. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara yake ya 11, inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu utakaomwezesha mtu kupata msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Kanuni ya Adhabu nayo inamwekea wajibu mtu mwenye dhamana ya mwenzake asiyeweza kujitunza, ama kwa umri, ama kwa maradhi, ama kwa upungufu wa akili, kwamba ampatie mahitaji muhimu ya maisha. Akimnyima, na madhara yakatokea, sheria inamhesabu kuwa ndiye aliyeyasababisha.

Kuhusu dole gumba lililotiwa kwa hila, Sheria ya Mikataba inatambua kwamba makubaliano yaliyopatikana kwa shinikizo, au kwa kumrubuni mtu ambaye akili yake imedhoofishwa na umri, maradhi au dhiki, yanaweza kubatilishwa. Kwa hiyo mzee aliyeporwa kwa wino asikate tamaa. Tangu ilipotungwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa rasmi, na kazi yao ni kumsaidia mtu asiye na uwezo wa kumlipa wakili.

Kwa upande wa watu wenye ulemavu, Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 16 inazitaka nchi ziwalinde watu hao dhidi ya ukatili na unyonyaji, ndani na nje ya nyumba. Mwaka uliofuata, 2010, Bunge lilitunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, ambayo imeziwekea serikali za mitaa wajibu wa kulinda haki na ustawi wao.

Wazee wa Bara hawakuwa na bahati hiyo mapema. Sera ya 2003 ilikuja na ahadi nzuri, nayo imezaa mabaraza ya wazee na matibabu bila malipo kwa wazee wasio na uwezo. Lakini kwa zaidi ya miaka ishirini baada yake wazee waliendelea kudai sheria yao wenyewe, kwa kuwa sera peke yake haimpeleki mtu mahakamani. Ndugu zetu wa Zanzibar walitangulia. Mwezi Aprili 2016 walianzisha Pensheni Jamii, ambayo kila mkazi aliyetimiza miaka 70 alilipwa shilingi 20,000 kwa mwezi, awe alikuwa mtumishi au mkulima au mama wa nyumbani. Mwaka 2020 wakatunga sheria mahsusi ya masuala ya wazee.

Usiidharau pensheni ile kwa udogo wake. Mzee mwenye fedha yake, hata kidogo, huombwa ushauri. Asiye na kitu huamriwa. Lakini pia yafaa tukumbuke kwamba fedha ya mzee huvuta macho. Ndiyo maana fedha pasipo mlinzi haitoshi.

OFISA USTAWI NI NANI?

Mlinzi huyo ndiye Ofisa Ustawi wa Jamii. Waulize watu kumi katika basi la asubuhi ofisi yake iko wapi, na huenda utapata majibu kumi. Wengi wanamjua kama mtu wa kusuluhisha wanandoa na kuagiza matunzo ya watoto. Kazi hizo anazo, lakini kazi ya kumlinda mtu mzima asiyejiweza pia ni yake. Utampata katika halmashauri ya wilaya, manispaa au jiji, na pia katika hospitali kubwa. Pale ambapo kata haina ofisa wake, mtendaji wa mtaa au wa kata anapaswa kukufikisha kwake. Wengi wao wamesomea kazi hiyo katika Taasisi ya Ustawi wa Jamii, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973 na yenye makao yake Kijitonyama, Dar es Salaam.

Hebu tuchukue mfano. Tuseme yuko bibi mmoja aliyeletwa mjini na mwanawe baada ya kufiwa na mume. Shamba lake la kijijini limeuzwa, fedha hajaziona. Anaishi chumba cha uani. Mwezi wa kwanza alikuwa akifagia baraza kila asubuhi na kusalimiana na wapita njia. Mwezi wa nne haonekani tena. Mama jirani anasikia kikohozi usiku, na mchana anaona kufuli nje ya mlango ule. Analichukua jambo hilo kwa mwenyekiti wa mtaa, na mwenyekiti analifikisha ustawi.

Ofisa anayeijua kazi yake hafiki pale na kelele, wala haanzi kwa kumhukumu mtu. Anakuja kama mgeni. Anapokelewa, anakaa, kisha anaomba kuzungumza na bibi peke yake. Hilo la peke yake ndilo ufunguo wa kazi yote, kwa maana hakuna mtu atakayemshitaki anayempa chakula huku mwenyewe amesimama mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umetokea wapi?"

"Ofisi ya ustawi, bibi. Nimekuja kukujulia hali."

"Hali njema tu. Mwanangu hana neno. Ni maisha."

Ofisa haridhiki na jibu hilo, wala halikatai. Anaangalia kama pana maji karibu ya kitanda. Anaangalia kucha, midomo iliyokauka, shuka, dawa na tarehe zake. Anauliza leo amekula nini, na nani huja kumtazama mchana. Anaahidi kurudi, na anarudi. Huenda ikawa ni siku ya tatu ndipo bibi atakapolisema lake:

"Mimi sitaki kupelekwa kambini, na sitaki mwanangu afungwe. Nataka simu yangu. Na nataka kula pamoja na wajukuu."

MTU MZIMA SI MTOTO

Hapo, ndugu msomaji, ndipo ulinzi wa mtu mzima unapotengana na ulinzi wa mtoto. Mtoto aliye hatarini anaweza kuondolewa na kupelekwa mahali pa salama hata akilia, kwa sababu wakubwa wanamwamulia. Bibi huyu ni mtu mzima. Amelea, amezika, amelima, ameamua mambo makubwa kuliko haya. Kumlinda kwa kumnyang'anya uamuzi wake ni kumfanyia unyonge wa pili. Kadhalika mtu asiyeona, asiyesikia au asiyetembea hajapungukiwa na uwezo wa kujua analolitaka. Anachohitaji ni mkalimani wa lugha ya alama, au maandishi anayoweza kuyasoma, au subira ya msikilizaji.

Kwa hiyo ofisa ataita kikao cha ukoo. Simu itarudishwa kwa bibi na namba ya siri itabadilishwa mbele yake. Kufuli litaondolewa. Binti aliye Morogoro, ambaye siku zote hutuma salamu, ataulizwa ni miezi mingapi atakaa na mama yake. Kaka mwenye kazi nzuri atachangia dawa. Mambo hayo yataandikwa, na ofisa atarudi kuyakagua bila kutoa taarifa. Kuhusu shamba, bibi atapelekwa kwa msaidizi wa kisheria. Huenda fedha zisirudi zote, lakini atakuwa amesikilizwa.

Yapo mambo, hata hivyo, yasiyo na kikao. Mtu akipigwa, akibakwa, akiunguzwa au akitishiwa kuuawa, kazi inakuwa ya polisi na hospitali. Kituoni uliza Dawati la Jinsia na Watoto, ambalo askari wake wamefunzwa kuzungumza na mtu aliyedhuriwa. Omba fomu ya matibabu ya polisi, ile iitwayo PF3. Na nguo alizokuwa amevaa zisifuliwe. Kadhalika wapo watu ambao maradhi ya kusahau au ugonjwa wa akili umewafikisha mahali wasipoweza kuitambua hatari iliyo mbele yao. Hao hulindwa kwa kuushirikisha ukoo, daktari na, ikibidi, mahakama, ili asitokee mtu mmoja akajifanya msemaji wao kwa faida yake.

Makazi ya wazee yawe ni mlango wa mwisho. Serikali inayo makazi ya wazee na wasiojiweza, kama vile Nunge huko Kigamboni, Fungafunga mjini Morogoro, Kolandoto mkoani Shinyanga na Bukumbi mkoani Mwanza. Na Zanzibar iko Sebleni na Welezo, na kule Pemba Limbani. Kadhaa kati ya makazi ya nchi hii yalianza kama kambi za wagonjwa wa ukoma, na kwa mtu asiye na ndugu yamekuwa ni rehema. Lakini mtu mwenye watoto saba, kumpeleka huko ili mradi watoto wapumzike ni kulihamisha kosa. Nako kwenye makazi kunahitaji macho: wageni wanaofika mara kwa mara, hesabu za chakula zinazokaguliwa, na mahali pa kupeleka malalamiko. Kokote duniani, mahali palipofungwa bila mgeni ndipo mnyonge hudhurika.

MTUNZAJI NAYE NI MTU

Haitakuwa haki kumaliza habari hii bila kumtazama anayebeba beseni. Katika nyumba nyingi kazi ya kumwogesha mzee, kumgeuza, kumlisha na kufua shuka zake imewekwa juu ya mabega ya mtu mmoja: mke wa mtoto, binti ambaye hakuolewa, au msichana wa kazi wa miaka kumi na saba anayelipwa kidogo na kulaumiwa sana. Halali usiku. Hana siku ya mapumziko. Hakuna aliyemfundisha namna ya kumwinua mtu mzima bila kuumia mgongo. Siku moja mzee anaumwaga uji kwa mara ya tatu, na mkono unainuka.

Hatuutetei mkono huo. Lakini tukitaka usiinuke tena, kumkemea hakutatosha. Ndugu wengine waje. Mwenye fedha atoe fedha, mwenye nafasi atoe siku mbili za juma, na kijana wa kiume naye ajifunze kumwogesha babu yake. Ofisa ustawi na mhudumu wa afya wa mtaa wanaweza kuwaonyesha jinsi ya kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa chache na kuzuia vidonda. Mtunzaji aseme mapema kwamba amechoka, na familia imsikie bila kumwita mkosefu wa adabu.

NAWE UFANYE NINI?

Kikwazo kikubwa ni ukimya, na ukimya huo una wenyewe. Mzee hunyamaza kwa sababu anampenda mwanawe, au anaogopa kutolewa nje, au anaona haya kwamba aliyemlea ndiye anayempiga. Mtu mwenye ulemavu hunyamaza kwa sababu mara ya kwanza aliposema hakuaminiwa. Jirani hunyamaza kwa kuogopa kuitwa mmbea. Matokeo yake kila mtu anajua na hakuna anayesema.

Basi zijue dalili. Mtu aliyekuwa akitoka nje haonekani tena. Kila akiulizwa, mwingine humjibia. Amekonda ilhali nyumba ina chakula. Ana alama mwilini ambazo maelezo yake hubadilika kila siku. Fedha zake huingia, lakini hana hata sabuni. Anashtuka mtu fulani akiingia. Dalili moja pekee haithibitishi kosa, kwa kuwa uzee na maradhi navyo hukondesha. Zikikutana mbili au tatu, una sababu ya kutosha ya kwenda kumsalimu.

Nenda ukamsalimu. Mpelekee hata chungwa. Omba kukaa naye kidogo. Usimkabili mtuhumiwa kwa hasira, maana wewe utaondoka na mzee atabaki naye. Kumbuka ulichokiona na siku uliyokiona. Kisha nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa baraza la wazee, kwa mtendaji, au moja kwa moja kwa Ofisa Ustawi. Hatari ikiwa ni ya saa ile ile, nenda polisi au piga simu 112. Kupeleka habari si kuhukumu. Kuchunguza ni kazi ya wenye dhamana. Ukiona hawakuja, rudi tena ukawaulize, kwani nao ni wachache na kazi zao ni nyingi, na jalada linaloulizwa hufunguliwa mapema.

Kwa wewe unayetuma fedha nyumbani kila mwisho wa mwezi, lipo neno lako pia. Ujumbe wa simu unaosema fedha zimepokelewa hauelezi ni nani aliyezitumia. Mpigie mama mwenyewe, si yule anayeshika simu yake. Muulize amekula nini jana usiku. Muulize kwa lugha ya kwenu, polepole, na usikilize kimya kinachotangulia jibu.

Leo ni Jumapili. Wengi wetu tutakwenda kuwajulia hali wakubwa zetu, tutakaribishwa sebuleni, tutaletewa soda, na tutaambiwa kwamba mzee amelala. Usiishie sebuleni. Omba kuingia alikolala, kaa kitako kando ya kitanda chake, waombe wenyeji wawaache kidogo, na umuulize hali yake. Akikujibu kwamba hana neno, mwambie utarudi Jumapili ijayo. Kisha rudi.